Gari la haibridi katika foleni: Familia ipime kabla ya kununua

MKAZI wa Mbagala anayefanya kazi katikati ya Jiji la Dar es Salaam, au wa Gongo la Mboto anayepita Barabara ya Nyerere kila asubuhi, anajua kuwa safari yake haipimwi kwa kilomita bali kwa saa. Gari husogea kidogo, likasimama, likasogea tena. Injini inanguruma, mafuta yanateketea, na safari haiendi. Ndipo familia inapokaa kushauriana kuhusu gari, huibuka swali: je, gari la haibridi, linalotumia petroli na umeme kwa pamoja, litapunguza mzigo wa matumizi au litauongeza?

Swali hilo si dogo. Fedha inayonunua gari ndiyo hiyo hiyo inayosubiriwa na ada za watoto, kodi ya nyumba na nia ya Hija. Uislamu umekataza israfu, nayo israfu ina milango miwili. Kuteketeza mafuta barabarani pasipo sababu ni hasara, na kununua kitu cha gharama kisichokidhi haja ya mnunuzi nako ni hasara.

Linavyofanya kazi

Toyota Prius, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1997, ndiyo iliyoieneza teknolojia hii duniani. Mdogo wake, Aqua, alifuata mwishoni mwa mwaka 2011. Ndani ya magari haya mna injini ya petroli, mota ya umeme na betri kubwa. Dereva anapokanyaga breki, mota hugeuka kuwa jenereta, na sehemu ya nguvu ambayo katika gari la kawaida ingepotea kama joto hurudishwa katika betri. Gari linaposimama, injini hujizima. Linapoanza kusogea taratibu, mota huweza kulivuta kabla injini haijawaka.

Kwa hiyo foleni, iliyo adui wa gari la kawaida, ndiyo mahali ambapo haibridi huonesha manufaa yake. Kinyume chake, anayesafiri mara kwa mara kwenda Dodoma au Tanga kwa mwendo usiobadilika hukanyaga breki mara chache, na faida yake hupungua. Kiyoyozi nacho hula umeme wa betri. Katika joto la Pwani, injini italazimika kuwaka kila mara ili kuijaza betri hiyo, hata gari likiwa limesimama.

Hesabu ya nyumbani

Tuchukue mfano. Baba anaendesha kilomita 30 kwa siku, siku 25 kwa mwezi. Kwa mwaka ni kilomita 9,000. Tuseme gari la kawaida katika foleni linakwenda kilomita 10 kwa lita moja. Litatumia lita 900. Tuseme haibridi ya ukubwa huo huo inakwenda kilomita 18. Itatumia lita 500. Lita 400 zimeokolewa. Tukikadiria lita moja kwa shilingi 3,000, hizo ni shilingi 1,200,000 kwa mwaka.

Sasa, kama haibridi hiyo inauzwa kwa nyongeza ya shilingi milioni 3, itachukua miaka miwili na nusu kurudisha nyongeza hiyo. Anayeendesha nusu ya umbali huo atasubiri miaka mitano. Kila familia iweke tarakimu zake yenyewe katika hesabu hii, kwa kuandika kwa mwezi mzima kilomita inazotembea na lita inazonunua.

Betri ndiyo siri

Hesabu hiyo huvunjika betri ikiwa imechoka. Mengi ya magari haya huingia nchini yakiwa yamekwisha kutumika miaka mingi, na betri huchakaa kwa umri hata kama gari halikutembea sana. Mnunuzi asiridhike na ung'aavu wa rangi. Alipeleke gari kwa fundi mwenye kompyuta inayosoma hali ya betri, sehemu kwa sehemu, kisha aliendeshe katika foleni halisi. Aulize pia bei ya betri nyingine kabla ya kulipa, si baada ya kuharibika.

Baada ya kununua, tundu la hewa ya kupoza betri lisizibwe. Katika Aqua liko pembeni mwa kiti cha nyuma, mahali ambapo mabegi na vitambaa vya viti hurundikwa kirahisi. Vumbi nalo lisafishwe. Fundi asiyejua haibridi asiruhusiwe kufungua nyaya za rangi ya machungwa, kwani umeme wake, unaozidi volti 100, unaweza kuua.

Muamala wa haki

Muuzaji Mwislamu anapaswa kuitaja aibu ya bidhaa yake. Akijua betri imechoka akanyamaza, fiqhi humpa mnunuzi haki ya kuirudisha bidhaa hiyo. Ni vyema hali ya betri iandikwe katika mkataba wa mauzo. Aidha, mafuta yatakayookolewa hayahalalishi mkopo wa riba. Na mke akichangia mali yake, ieleweke na iandikwe kama ni zawadi, deni au ushirika, kwa kuwa mali ya mke ni yake.

Kwa ufupi, haibridi inamfaa anayekaa foleni kila siku, atakayedumu na gari kwa miaka kadhaa, aliyethibitisha uzima wa betri na aliyebakiza akiba ya kuibadilisha. Asiye na akiba hiyo, au anayelitoa gari kwa ajili ya Ijumaa na harusi tu, gari dogo la kawaida lililo zima linamtosha. Baada ya ushauri, hesabu na istikhara, mja humtegemea Mola wake. Wallahu a'lam.