Kuku Wakifa Ghafla: Nani Aliwagusa?

Asubuhi unafungua banda. Lo! Kuku wanne wamekufa, na jana walikuwa wazima. Mama anasema, "Ni mdondo tu huo." Kaka anamwona mmoja bado anapumua, anamchinja haraka kabla hajafa. Wewe unamnyonyoa. Mchana mnakula ugali kwa kuku.

Hapa Nyakitonto nani asiyeyajua hayo? Na kweli, mara nyingi huwa ni mdondo, ambao hauui watu. Tatizo ni kwamba mafua makali ya ndege nayo huua kuku wengi kwa siku chache tu. Kwa macho huwezi kuyatofautisha. Maabara ndiyo inayojua.

Je, yamewahi kufika karibu nasi?

Ndiyo. Mwanzoni mwa Januari 2017, ndege wa porini walikutwa wamekufa ufukoni mwa Ziwa Victoria, karibu na Entebbe, Uganda. Bata na kuku wa kufugwa nao walikufa huko Masaka. Tarehe 15 Januari serikali ilitangaza kuwa ni mafua ya ndege. Kirusi chenyewe kiliitwa H5N8. Kenya ikazuia kuku na mayai kutoka Uganda. Lakini swali kubwa lilibaki: je, kuna mtu aliyeambukizwa? Hakuna aliyethibitishwa.

Watajuaje?

Wachunguzi hawasubiri mgonjwa, wanaanzia bandani. Nani alichinja? Nani alinyonyoa? Nani alifagia mavi? Nani alitupa mizoga? Lini? Kila anayetajwa hufuatiliwa kwa siku 10 tangu alipogusa mara ya mwisho, kwa sababu dalili kwa kawaida hutokea ndani ya siku hizo. Huulizwa: una homa? Kikohozi? Macho mekundu? Unapumua kwa shida?

Mwenye dalili hupanguswa puani na kooni kwa kijiti chenye pamba, na sampuli hupelekwa maabara. Dawa hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya siku 2 za kuugua, ndiyo maana hawangoji majibu. Waliokaa naye karibu pia hufuatiliwa.

Kwa nini kumsumbua mtu mzima?

Mwaka 1997 huko Hong Kong, watu 18 waliugua mafua ya ndege aina ya H5N1, na 6 wakafa. Kuku wa mji mzima walichinjwa, na maambukizi yakakoma. Halafu mwezi Desemba 2020, wafanyakazi 7 wa shamba la kuku nchini Urusi walikutwa na H5N8, aina ileile ya Uganda. Hawakuwa na ugonjwa mkali. Bila kupimwa, nani angejua?

"Tukisema, watawaua kuku wetu wote!"

Hofu hiyo si ya kijinga. Kuku ndiye daftari, ndiye sare ya shule. Lakini ukificha, kuku watakufa hata hivyo, na aliyewanyonyoa atabaki bila msaada. Kuulizwa si kushtakiwa. Hakuna anayekamatwa kwa kumnyonyoa kuku wa mama yake.

Ufanye nini?

Usimchinje kuku mgonjwa, wala usiguse mzoga kwa mikono mitupu. Nyama ikiiva kabisa kirusi hufa, ila hatari iko kabla ya sufuria: kwenye damu, manyoya na mavi. Ukishagusa, nawa kwa sabuni. Mweleze mwenyekiti wa kitongoji au afisa mifugo. Ukipata homa, nenda zahanati na useme wazi, "Niligusa kuku waliokufa." Usiposema, mganga atadhani ni malaria tu.

Wahimize wazazi wachanje kuku dhidi ya mdondo, lile tone la jichoni. Na kama kuku waliochanjwa wanakufa kwa wingi, hapo usiseme tena "ni mdondo tu". Toa taarifa siku hiyohiyo.