Mgeni Katika Hekalu la Wahindu

Yafaa kwanza kutenga maneno mawili ambayo watu huyachanganya. Mhindi ni mtu ambaye asili yake ni Bara Hindi, wa dini yoyote. Mhindu ni mwenye dini ya Kihindu. Kwa hiyo Khoja na Bohora huitwa Wahindi, nao ni Waislamu. Wazee walisema Banyani, neno litokalo katika Kigujarati, ambalo maana yake ya kwanza ni mfanya biashara. Lakini methali isemayo kwamba Banyani ni mbaya na kiatu chake ni dawa imelitia uchungu, nasi twawaasa vijana wasilitamke mbele ya mwenyewe.

Twaandika hayo kwa kuwa vijana wa Mbesa, Waislamu na Wakristo, waendapo Dar es Salaam huweza kualikwa na wenzao hekaluni, labda katika Mtaa wa Kisutu, nao hawajui iwapasavyo.

Viatu huvuliwa nje. Ndani watu huketi sakafuni, na si adabu kuielekeza miguu penye sanamu. Katika mahekalu ya Swaminarayan wanaume hukaa mbali na wanawake. Mhindu aingiapo hupiga kengele, kisha husimama kuitazama sanamu iliyovikwa nguo na maua. Kwake huko ni kumwona mungu na kuonwa naye, nako huitwa darshani. Mgeni halazimiki kupiga kengele wala kuinama. Kunyamaza wenzako wasalipo si kuabudu.

Kisha huja arati. Kuhani huzungusha mbele ya sanamu taa zenye tambi za pamba zilizolowa samli, huku watu wakiimba. Baadaye taa hupitishwa kati yao, na kila mtu hupeleka viganja juu ya mwali, akavigusisha usoni. Asiyetaka na akutanishe viganja kifuani. Taa itampita pasipo neno.

Lililo gumu ni prasadi, yaani chakula kilichotolewa kwanza mbele ya sanamu, kisha kugawiwa watu: tunda, nazi, au ladu. Mkristo aliyesoma Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 8 na ya 10, atakumbuka kwamba Paulo alilijadili jambo hilo hilo, wala hakulimaliza kwa neno moja. Na Mwislamu naye ana katazo lake. Hatumwamulii mtu dhamiri yake. Lakini twasema hivi: aamue kabla hajaingia. Akikubali, apokee kwa mkono wa kuume, ale. Akikataa, ashukuru kwa upole, na ni vema amwarifu mapema rafiki aliyemwalika. Kuipokea kisha kuitupa njiani ni tusi kubwa kuliko kuikataa, maana kwao hiyo ni neema ya mungu.

Picha zisipigwe bila ruhusa. Na saa ya kwenda iulizwe, kwa maana mahekalu mengi hufunga pazia adhuhuri, sanamu zikihesabiwa kuwa zimepumzika, na afikaye wakati huo huambiwa arudi jioni.