Dawa, Kileo na Swali Lisiloulizwa

Mgonjwa anapofika kwenye dirisha la dawa, katika mji au shamba, Unguja au Pemba, mara nyingi hupewa vidonge vyake ndani ya bahasha ndogo, na juu ya bahasha hiyo huandikwa kwa kalamu: 1 x 3, au 2 x 2. Mtoaji husema, "Moja mara tatu, mzee wangu, baada ya kula." Mzee huitikia, hushukuru, huitia bahasha mfukoni na kwenda zake. Katika mazungumzo hayo ya dakika moja pana swali ambalo halikuulizwa, na pana jibu ambalo, hata lau swali lingeulizwa, pengine lisingetolewa kwa ukweli. Swali hilo ni kama mgonjwa anatumia kileo.

Tunalileta jambo hili mbele ya wasomaji wetu, na mbele ya wakuu wanaohusika, kwa sababu kimya hicho kina gharama, na gharama yake hulipwa kwa ini, kwa ubongo na mara nyingine kwa roho ya mtu.

Sababu za kimya zinajulikana. Wengi wa watu wa visiwa vyetu ni Waislamu, na ulevi ni jambo la aibu mbele ya jamaa na majirani. Hatuandiki hapa ili kuihalalisha pombe, wala hatuna haja ya kuwafundisha masheikh wetu kazi yao. Lakini haifichiki kwamba minazi inagemwa, na kwamba tembo lililoshushwa alfajiri likiwa tamu huwa limekwisha kuwa kali kabla jua halijatua. Haifichiki kwamba bia hupatikana mahotelini, wala kwamba gongo ina wateja wake. Mwenye kunywa hunywa kwa kificho, na akiugua huichukua siri yake mpaka mbele ya daktari. Pengine anayemhudumia ni mtoto wa shangazi yake, au jirani wa mtaa wa pili. Visiwa ni vidogo, na maneno husafiri upesi kuliko boti. Naye daktari huona uzito kumuuliza mtu mwenye ndevu nyeupe na kofia kichwani kama jana alikuwa kilabuni. Basi haya ya mmoja na heshima ya mwenziwe hukutana, na dawa hutolewa gizani. Wazee walisema kwamba mgonjwa haulizwi uji. Kileo, sisi twasema, aulizwe.

Ni vyema kueleza kwanza kwa nini vitu hivi viwili hugombana. Mnamo mwaka 1948 wataalamu wawili wa Denmark, Jens Hald na Erik Jacobsen, walitangaza jambo walilokutana nalo kama kwa bahati. Walikuwa wakiichunguza dawa iitwayo disulfiramu, wakitaraji kwamba ingefaa kutibu minyoo, na kama walivyofanya watafiti wengi wa zama zile waliimeza wao wenyewe. Walipokunywa kileo, nyuso zao ziliiva, mioyo ikaenda mbio na kichefuchefu kikawashika. Kumbe ini hukimaliza kileo kwa hatua mbili: kwanza hukigeuza kuwa sumu, kisha huivunja sumu hiyo ikawa kitu kisichodhuru. Disulfiramu huifunga hatua ya pili, na sumu hujaa mwilini. Tangu hapo dawa hiyo imetumiwa, chini ya uangalizi wa daktari, kuwasaidia watu wanaotaka kuacha ulevi.

Flagili, ambayo karibu kila nyumba ya visiwani inaijua, kwa miaka mingi imehesabiwa katika kundi hilohilo, na maelezo yake huagiza kutokunywa kileo wakati wa dozi na kwa siku 2 au 3 baada yake. Siku hizi wapo wataalamu wanaotilia shaka kama athari hiyo hutokea mara nyingi kama ilivyodhaniwa; lakini agizo halijafutwa, na mwenye busara hatalifanya tumbo lake kuwa maabara.

Hatupendi kutia chumvi. Si kila dawa hugombana na kileo. Anayemeza amoksilini kwa kidonda au kikohozi hatadhurika kwa sababu ya mchanganyiko wenyewe, ijapokuwa pombe haimsaidii kupona. Tunalisema hili kwa makusudi, kwa kuwa onyo linalotolewa jumla jumla, kwa dawa zote na kwa watu wote, huishia kutosikilizwa kwa dawa yoyote.

Zipo dawa zinazoleta usingizi: Piriton ya mafua na muwasho, fenobabitali ya kifafa, na dawa za wasiwasi kama Valium. Kazi ya dawa hizi na kazi ya kileo katika ubongo huelekea upande mmoja. Kiasi ambacho peke yake kingemlaza mtu tu, kikiongezewa kileo kinaweza kuipunguza pumzi yake mpaka asiamke. Wapo wanaodhani kwamba kidonge cha asubuhi hakina neno na bia ya magharibi. Valium hukaa mwilini zaidi ya siku nzima, na kuipisha kwa saa chache hakumwokoi mtu. Na hata pale ambapo hakuna hatari ya pumzi, upo uzito wa kichwa na mikono. Afikiriwe mvuvi aliye peke yake usiku ndani ya ngalawa, au mchumaji wa karafuu aliye juu kabisa ya mkarafuu kule Pemba, naye amemeza Piriton na kuiteremshia kikombe cha tembo. Akiponyoka mkono mara moja, yatosha.

Lakini ugonjwa unaotutia hofu kuliko yote katika mlango huu ni kisukari. Wagonjwa wengi wa kisukari hupewa vidonge vya kulisukuma kongosho, kama glibenklamaidi, na wengine hujidunga insulini. Dawa hizi huteremsha sukari katika damu. Ini lenye afya lina akiba yake, na sukari ikishuka mno hutoa kidogo ili kuurudishia mwili nguvu. Kileo hulizuia ini kufanya hivyo, na hatari huzidi kwa mtu aliyekunywa bila kula. Sukari ikiteremka, mgonjwa hutoka jasho, hutetemeka, hupepesuka, ulimi ukawa mzito na maneno yasishikane.

Msomaji na aitazame tena orodha hiyo. Ni dalili zilezile za mlevi. Mtu huyo akianguka barazani huku kinywa chake kinanuka tembo, nani atamdhania mgonjwa? Vijana watacheka. Mtu mzima mmoja atasema, "Mwacheni alale, litamtoka." Naye atalala, na ubongo uliokosa sukari kwa muda mrefu hauharibiki kidogo, na wengine hawaamki. Kinachohitajika katika dakika hizo, ikiwa bado ana fahamu na aweza kumeza, ni maji yenye sukari nyingi, au soda isiyokuwa ile ya wagonjwa wa kisukari, kisha apelekwe hospitali. Aliyepoteza fahamu asitiwe kitu kinywani. Alazwe kwa ubavu na akimbizwe kwa daktari. Lakini hayo hayafanyiki ikiwa watu wa nyumbani hawajui kwamba ana kisukari, au wanajua kisukari chake na hawajui kileo chake. Siri mbili katika mwili mmoja.

Sasa tuje kwenye kifua kikuu, ambapo kosa huwa la namna nyingine. Matibabu ya kawaida ya ugonjwa huu ni ya miezi 6, na katika miezi 2 ya mwanzo mgonjwa hutumia dawa 4 kwa pamoja. Tatu kati ya hizo, yaani isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi, zinaweza kulidhuru ini, na mnywaji amekwisha kulichosha ini lake kabla ya kidonge cha kwanza. Macho yakiwa ya manjano, mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi, na hamu ya chakula ikatoweka, mgonjwa asingoje siku yake ya kliniki. Aende siku hiyohiyo.

Hayo ndiyo onyo lenyewe, na ni la haki. Tatizo ni namna linavyopokewa. Mgonjwa huambiwa kwa ukali kwamba dawa na pombe haviendi pamoja. Jumamosi inafika, marafiki wanamwita, naye ameshindwa kujizuia. Anakumbuka aliyoambiwa, na katika vitu viwili anaacha kimoja. Anaacha dawa. Kwa akili yake amelitii agizo. Akifanya hivyo wiki hata wiki, vijidudu vilivyobaki hupata nafasi ya kujenga usugu, na kifua kikuu sugu ni kigumu zaidi kutibu, tena huwaambukiza watoto na wazee wanaolala naye chumba kimoja, ambao hawajapata kuonja hata tone la kileo. Ndivyo ilivyo pia kwa dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, na kwa dawa za kifafa, ambazo kuziruka ghafla huweza kuleta degedege kubwa kuliko lile la kwanza. Kwa maradhi haya agizo linapasa kutolewa kamili: acha kileo; na ikiwa umeshindwa, usiache dawa, bali rudi useme kwamba umeshindwa. Hatuoni kwamba kusema hivyo ni kuuruhusu ulevi. Ni kukataa kwamba mtu aadhibiwe kwa ulevi wake kwa kunyimwa uzima.

Aliyezoea kunywa sana kila siku naye asikatishe kileo ghafla kwa siri ili aanze dozi, kwani mwili uliozoea huweza kumtetemesha na hata kumtia kifafa. Hili nalo ni la kumwambia daktari.

Kuhusu dawa za maumivu tutasema machache. Aspirini na diklofenaki, ambayo watu wetu huimeza kwa mgongo kama wanaokula njugu, hukwaruza tumbo, na kileo hukwaruza palepale. Kutapika damu si jambo la ajabu. Panadoli ni dawa njema kwa kipimo chake, lakini mnywaji wa kila siku asijipimie mwenyewe vidonge vya kuondoa uchovu wa jana.

Tunawageukia wakuu wa Wizara ya Afya na wale waliokabidhiwa usimamizi wa dawa na maduka ya dawa. Karatasi iliyokunjwa ndani ya pakiti aghalabu imeandikwa Kiingereza, kwa herufi ambazo hata mwenye miwani huzitafuta. Na anayehesabiwa vidonge 10 ndani ya bahasha haioni kabisa karatasi hiyo. Hatuombi mashine wala fedha za kigeni. Tunaomba muhuri wa mpira na kidau cha wino katika kila dirisha la dawa na kila duka, wenye maneno ya Kiswahili: USINYWE KILEO NA DAWA HII. Upigwe juu ya bahasha za dawa zinazohusika tu, si juu ya zote, ili uendelee kusomwa. Kwa dawa za kifua kikuu na nyingine za jinsi hiyo, maneno yaongezwe: WALA USIIACHE DAWA.

La pili halihitaji hata wino. Swali la kileo liwekwe katika maswali ya kawaida, baina ya umri wa mgonjwa na dawa nyingine anazotumia, na aulizwe kila mtu mzima, mwenye kofia na asiye nayo, mwanamke na mwanamume, ili pasiwe na mtu atakayeona kwamba amedhaniwa vibaya. Liulizwe mlango ukiwa umefungwa, wala si dirishani huku watu 20 wamepanga foleni wakisikiliza. Na jibu libaki ndani ya chumba hicho. Mfanyakazi wa afya atakayelichukua mpaka barazani ajue kwamba amewafunga midomo wagonjwa wote wa shehia ile, na wakuu wake wamchukulie hatua kama wangemchukulia aliyeiba dawa ghalani.