Nani amegusa hesabu ya koperative?

Wandugu wanamemba, siku hizi koperative zinaanza kuandika hesabu katika ordinatere. Mahindi ya Ankoro, muhogo na karanga za Kiambi, michango, deni la mbegu: yote inaingia katika faili moja. Kazi inaenda mbio. Lakini kaye ya karatasi ina faida moja: mtu akifuta namba, alama inabaki. Katika ordinatere, 340 inageuka 240 na hakuna doa.

Tuseme mama mmoja ameleta kilo 340 za mahindi kwenye depo. Siku ya malipo faili inasema 240. Kilo 100 zimekwenda wapi? Wote wanamwangalia kalani. Pengine ni wizi, pengine ni virusi, pengine kidole kiliteleza tu. Bila ushahidi, hapo njo matata inaanzia, na watu wakianza kushukiana, koperative inavunjika.

Dawa yake si mpya. Mwaka 1992, katika chuo kikuu cha Purdue huko Marekani, Gene Kim na mwalimu wake Eugene Spafford walitengeneza programu inayoitwa Tripwire. Inasoma kila faili na kuitolea alama yake, kama alama ya kidole gumba. Baadaye inasoma tena. Alama ikiwa tofauti, inatoa habari. Windows 2000 ilisonga mbele zaidi: faili zake yenyewe zikibadilishwa bila ruhusa, ilichukua nakala safi iliyowekwa akiba na kuzirudisha bila kungoja mtu. Ila ililinda faili za mfumo tu. Hesabu ya mahindi yenu haikuijua. Hiyo ni juu yenu.

Na inawezekana, hata Manono ambako umeme na intaneti ni shida. Fanyeni hivi:

1. Mwisho wa mwezi, komite isome hesabu pamoja na kuikubali. Faili ya mwezi ule ifungwe. Mwezi mpya uanze na faili mpya.

2. Toeni alama ya faili iliyofungwa. Windows ina kifaa cha kazi hiyo, bila intaneti: katika dirisha la amri andikeni certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256. Itatoka alama ya tarakimu na herufi 64. Namba moja tu ikigeuzwa ndani ya faili, alama yote inageuka.

3. Andikeni alama hiyo katika kaye ya mikutano, presida na mweka hazina watie sahihi. Isibaki katika ordinatere peke yake, kwa sababu anayeweza kugeuza faili anaweza kugeuza alama pia.

4. Wekeni nakala katika flashi mbili, kila moja kwa mtu wake. Flashi isikae imechomekwa, maana virusi ikiingia inaharibu yote pamoja.

Mkutano ukifika, toeni alama tena. Ikilingana na ya kaye, semeni mbele ya wanamemba. Isipolingana, pimeni nakala za flashi, rudisheni ile inayolingana, ndipo mtafute nani alifungua faili.

Kwa faili ya mwezi unaoendelea, Windows 10 ina Historia ya Faili. Ikiwashwa na diski ya nje ikiwapo, inahifadhi nakala kila saa, na mnaweza kurudi kwenye hali ya jana. Lakini angalieni: kurudisha ya jana kunafuta pia kilo zilizoandikwa leo kwa haki. Kwanza linganisheni na risiti za depo.

Tena, programu inaona kwamba namba imegeuka. Haioni moyo wa aliyeigeuza. Kalani mwenye neno la siri anaweza kuandika uongo tangu siku ya kwanza, na alama itasema faili ni nzima. Kwa hiyo mleta mazao asiondoke kwenye mizani bila risiti ya karatasi mkononi. Siku ya malipo, aje nayo.