Gharama ya kunyonya shimo la majitaka hukadiriwa hivi

MSIMU wa mvua katika Mkoa wa Katavi huanza Novemba na kumalizika Aprili. Kwa wenye nyumba mjini Mpanda, kiangazi ndicho wakati mwafaka wa kukagua mashimo ya majitaka na kukadiria gharama ya kuyanyonya, kabla hayajafurika.

Hatua ya kwanza ni kupima ujazo. Shimo lenye urefu wa mita 3, upana wa mita 2 na kina cha mita 2 huchukua lita 12,000. Likijaa, gari lenye tangi la lita 5,000 litakwenda safari tatu, na kwa kawaida mteja hulipia kila safari. Safari ya tatu itabeba lita 2,000 tu, hivyo majirani wakipatana na mwenye gari wanaweza kuchangia gharama hiyo.

Umbali hadi eneo lililoidhinishwa la kumwaga majitaka nao huongeza bei kwa sababu ya mafuta. Aidha, nyumba isiyofikika kwa gari huhitaji mpira mrefu wa kunyonyea, na nguvu ya pampu hupungua kadiri mpira unavyorefuka.

Shimo lililokaa miaka mingi bila kunyonywa hujenga tope zito chini. Tope hilo hulainishwa kwa maji ndipo livutwe, na maji hayo huongeza safari. Nguo kuukuu na mifuko ya nailoni huziba mpira na kurefusha kazi.

Wengine huona nafuu kuchimba shimo jipya. Hata hivyo, viwanja vya mjini ni vidogo, na shimo likisogea karibu na kisima huhatarisha maji ya kunywa.

Wapo pia wanaofungulia majitaka mitaroni mvua inaponyesha. Uokoaji huo wa fedha huligharimu jirani afya yake: kipindupindu kilicholipuka Dar es Salaam Agosti 2015 kilisambaa katika mikoa mingi nchini.

Vilevile, si salama kumtuma kibarua kuingia shimoni ili kupunguza gharama. Gesi iliyomo humlegeza mtu kwa muda mfupi, na anayemfuata kumwokoa huweza kufia humo.

Bei za mamlaka za maji na usafi wa mazingira huidhinishwa na Ewura. Kwa gari la mtu binafsi, ni busara kukubaliana idadi ya safari na kudai risiti kabla pampu haijawashwa.