Presha haiumi, lakini moyo unaumia

Swali hili hutufikia mara kwa mara: "Nilipewa dawa za presha, nimemeza miezi miwili, sasa najisikia vizuri. Naweza kuacha?" Jibu fupi ni hapana, usiache kabla ya kuzungumza na mhudumu wa afya. Ili tuelewe kwa nini, tuangalie kinachotokea ndani ya moyo, kwenye seli zake.

Mwili umejengwa kwa seli kama nyumba inavyojengwa kwa matofali. Ila seli ni hai. Inahitaji chakula na oksijeni, na vyote huletwa na damu.

Kwanza seli huzoea

Tazama kiganja cha mkulima. Siku za mwanzo za kushika jembe hutoka malengelenge. Baadaye ngozi ileile huwa nene na kuota sugu. Seli zimeongezewa kazi, nazo zimejipanga upya. Kinyume chake, mguu uliovunjika ukikaa kwenye plasta wiki kadhaa hufunguliwa ukiwa mwembamba, kwa sababu seli za misuli zilikosa kazi zikasinyaa.

Moyo nao huzoea. Hupiga takriban mara 100,000 kwa siku. Presha ikiwa juu, kila pigo linahitaji nguvu zaidi. Seli za misuli ya moyo haziwezi kuzaliana kwa wingi ili zisaidiane, kwa hiyo kila moja hunenepa. Ukuta wa moyo nao unakuwa mnene, hasa upande wa kushoto unaosukuma damu mwilini. Wakati huo husikii maumivu. Unakwenda shambani, unabeba kuni, unarudi. Hapo ndipo wengi wetu tunapodanganyika.

Kisha huumia

Seli iliyonenepa hutaka oksijeni zaidi, lakini mishipa inayoilisha haiongezeki kwa kiasi hicho. Isitoshe, presha huharibu mishipa yenyewe: kuta zake hukakamaa na njia ya damu huwa nyembamba. Seli ikipungukiwa na oksijeni huishiwa nguvu, maji huingia ndani yake, nayo huvimba. Ikipata oksijeni mapema, inaweza kupona.

Mwisho hufa

Mshipa wa moyo ukiziba kabisa, seli zilizokosa damu huanza kufa baada ya kama dakika 20 hadi 30. Utando wa seli hupasuka na vilivyomo humwagika. Ndiyo maana hospitalini hupima damu kutafuta troponini, protini inayovuja kutoka kwenye seli za moyo zilizoumia.

Ngozi ikikatwa, seli mpya huota. Moyoni, karibu hakuna zinazoota. Mwili huweka kovu, na kovu halisukumi damu. Seli zilizobaki hubeba mzigo wa zilizokufa, mpaka moyo unachoka. Mgonjwa huishiwa pumzi hata kwa mwendo mfupi, na miguu huvimba.

Turudi kwenye swali

Kujisikia vizuri hakumaanishi kwamba presha imekwisha. Huenda dawa inafanya kazi yake, na ukiiacha presha itapanda tena. Habari njema ni kwamba presha ikidhibitiwa mapema, ukuta wa moyo ulionenepa unaweza kupungua. Seli iliyochoka inaweza kuokolewa, lakini iliyokufa hairudi.

Shirika la Afya Duniani linasema karibu nusu ya watu wazima wenye presha ya juu hawajui kuwa wanayo. Kwa hiyo:

- Pima presha katika zahanati au kituo cha afya, hata kama huumwi. Kipimo kikifika 140 kwa 90 au zaidi katika siku tofauti, unahitaji ushauri na pengine dawa.
- Dawa ikikusumbua, au ukishindwa kuinunua, mwambie mhudumu wa afya. Kuna aina nyingine, na baadhi ni za bei nafuu.
- Punguza chumvi, acha sigara, na punguza pombe.
- Kifua kikibana au kuuma ghafla, hasa pamoja na jasho jingi, kukosa pumzi, au maumivu yanayokwenda mkononi au kwenye taya, nenda hospitali wakati huohuo. Usisubiri kukuche, kwa maana kila dakika inayopita seli nyingine zinakufa.