Kupanga Sauti za Kwaya Kwenye Kompyuta

Vikundi vingi siku hizi vinarekodi nyimbo zao wenyewe ili kutunisha mfuko wa kikundi. Sisi pia tulijaribu. Soprano waliimba Jumamosi, besi wakaimba wiki iliyofuata. Tulipounganisha, besi walikuwa nyuma kama mtu anayekimbilia matatu. Tulishinda siku nzima tukivuta sauti huku na huku kwa kukisia, na wapi! Pesa za kukodi kompyuta zikaisha bure. Kosa halikuwa la waimbaji. Tulianza kazi bila kamba.

Kamba ni nini?

Mnajua kupanda mahindi kwa kamba yenye mafundo. Kila fundo, shimo moja. Programu za kurekodi nazo zina kamba yao: mistari ya kusimama inayoonyesha kila pigo la wimbo. Audacity, ambayo hailipiwi, imekuwa na mistari ya mapigo tangu toleo la 3.4 la mwaka 2023.

Hesabu yake si ngumu. Wimbo wa mapigo 80 kwa dakika, kila pigo ni sekunde 0.75. Mapigo 4 ni fungu moja, yaani sekunde 3. Ubeti wa mafungu 8 unachukua sekunde 24.

Tufanye hivi

1. Kubalianeni mwendo wa wimbo kabla ya kurekodi, kisha mwandike namba hiyo kwenye programu, pale palipoandikwa Tempo.

2. Tengenezeni mlio wa kuhesabu, ule wa tik-tik. Kila mwimbaji ausikie kwa vifaa vya masikioni, usije ukaingia kwenye maikrofoni.

3. Washeni kitufe cha Snap. Sasa kipande cha sauti mkikisogeza kinanasa kwenye mstari chenyewe, hakielei.

4. Kateni kwenye mstari, si pale sauti inapoanza. Hapa ndipo wengi wanakosea. Kompyuta haijui neno limeanzia wapi. Inanasa ukingo wa kipande tu. Mkikata karibu kabisa na neno, mnapoteza pumzi ya mwimbaji, na wimbo unaoanza kabla ya pigo unasukumwa mahali sipo. Kateni kwenye mstari ulio kabla ya pumzi. Kimya kile kidogo kiacheni, ni sehemu ya wimbo.

5. Kipande kilichokatwa mstarini kiwekeni mstarini. Hivyo kiitikio kilichoimbwa vizuri mara moja mnaweza kukirudia baada ya kila ubeti, na kitaingia sawasawa.

Kamba hailimi

Tusidanganyane. Mistari haimnyooshi mwimbaji. Aliyeimba bila kusikiliza tik-tik ataanza pamoja na wenzake, lakini kufika mwisho wa ubeti wameachana. Dawa yake ni kuimba tena. Besi wetu waliimba tena jioni moja tu, wakiwa na vifaa masikioni, na kazi iliyotushinda siku nzima ikaisha kabla ya chai. Ndiyo sababu twasema: saa moja ya mazoezi na mlio ule inaokoa pesa nyingi za kikundi.

Ya kujadiliana kikundini

Je, mwendo wa kila wimbo wetu tunaujua kwa namba? Nani atajifunza kazi hii, na atamfundisha nani mwingine, ili akihama tusibaki mikono mitupu?